Kiyoyozi cha Gari: Gesi Haiishi, Huvuja



Msimu wa kaskazi ukiingia, na sisi watu wa mwambao tukaanza kulala madirisha wazi, barua zitufikiazo katika ukurasa huu hubadilika. Mwezi wa Julai aghalabu twaulizwa habari za betri na wipa, ifikapo Januari na Februari, karibu kila mwenye motokaa ana swali moja: "Kiyoyozi changu hakitoi baridi, nimeambiwa gesi imekwisha, je, nikajaze?" Jawabu letu nalo ni moja. Usijaze kwanza. Uliza gesi ile iliyokuwamo imekwenda wapi.

Nasema hivi kwa ukali kidogo, maana neno hili mimi mwenyewe niliambiwa bure nikalikataa, kisha nikalinunua kwa fedha nyingi. Nilikuwa na gari dogo lililotumika Japani kabla ya kufika bandarini kwetu, kama yalivyo mengi ya magari yetu. Kiyoyozi chake kilipoanza kutoa upepo wa uvuguvugu nililipeleka kwa kijana mmoja fundi. Akafungua boneti, akapitisha kidole katika maungio ya mapaipu, akanionyesha ncha ya kidole chake: mafuta yaliyoshikamana na vumbi. Akasema, "Ami, gesi hailiwi wala hainywewi. Hapa panavuja. Niachie gari mpaka kesho nipatafute, nikishapaziba ndipo nitie gesi."

Nami nilikuwa na haraka, na bei aliyoitaja ilikuwa mara tatu ya bei ya kujaza. Nikamdhania kuwa ni mlafi. Nikaenda kwa mwingine, ambaye hakuniuliza neno. Alifunga mpira wake, akatia gesi, na baada ya robo saa nikatoka pale napigwa na upepo wa baridi, nikijisifu kwa werevu wangu.

Baridi ile ilidumu wiki sita. Nikarudi, nikatiwa tena, ikadumu mwezi. Mara ya tatu haikufika wiki tatu, nami nikatiwa mara ya nne. Kisha siku moja tulikuwa njiani kwenda Malindi, mimi na watoto na mama yangu mzazi, mtu mzima mwenye maradhi ya presha. Tulikwisha kuipita Kilifi, jua la saa nane, ikasikika sauti ya chuma kusagana, kisha harufu ya mpira unaoungua, na taa ya betri ikawaka katika dashibodi. Kompresa ya kiyoyozi ilikuwa imekwama, na mkanda uliokuwa ukiizungusha umekatika. Na mkanda ule ule ndio uliokuwa ukizungusha altaneta inayochaji betri na pampu ya maji ya injini. Gari halikuweza kwenda tena. Tukakaa kando ya njia chini ya mkorosho zaidi ya saa mbili, mama yangu amemwegemea mjukuu wake, hasemi neno. Hakunilaumu siku ile wala baada yake. Laiti angenilaumu.

Ili ifahamike kwa nini gesi iliyopungua huweza kuua kompresa, hapana budi tueleze kwanza kazi ya chombo hiki. Wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. La, hakitengenezi baridi. Huchukua joto la ndani ya gari na kulitupa nje. Kila aliyekunywa maji ya mtungi aijua siri hii: mtungi hutoa jasho, jasho hukauka kwa upepo, na kila tone likaukalo huondoka na joto la maji yaliyomo. Kadhalika spiriti apakayo mwuguzi kabla ya kudunga sindano. Mkono huhisi baridi kwa sababu spiriti yaruka na joto lake. Ndani ya mapaipu ya kiyoyozi mna kitu kirukacho kwa wepesi kuliko spiriti. Gesi itumikayo katika magari mengi tuliyo nayo, iitwayo R-134a, huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri.

Kompresa huikandamiza gesi hiyo mpaka ikawa moto. Ikitoka hapo hupita katika wavu uliowekwa mbele ya rejeta, mafundi huuita kondensa, na upepo wa nje ukaipunguzia joto hata ikageuka kuwa maji. Maji hayo hupita katika kichupa cha kukaushia, kisha hulazimishwa kupita katika tundu jembamba sana. Yakishapita hapo presha huanguka ghafula, nayo huchemka ndani ya koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na kwa kuchemka kwake hulinyonya joto la hewa tuipumuayo. Kisha gesi hurudi kwa kompresa, safari ikaanza upya.

Twaa hapo mambo mawili. La kwanza, gesi hii haiunguzwi kama petroli. Yazunguka tu, na ile ile yaweza kuzunguka miaka mingi. Ni kweli kwamba mipira na sili huachia chembe kidogo kadiri ya miaka inavyopita, basi gari la miaka minane au kumi kuhitaji kuongezwa si ajabu. Lakini gari lililojazwa Muharram na kuhitaji tena Rabiul-Awwal lina tundu, hata akiapa mwenye kujaza. La pili, mafuta yanayolainisha kompresa hayakai mahali pamoja kama yale ya injini. Husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua, mafuta nayo huchelewa kurudi, au huwa yamekwisha kutoka kwa tundu lile lile, na kompresa ikabaki ikisagana kavu. Ipo swichi iwekwayo makusudi kuizuia kompresa isifanye kazi gesi ikipungua mno, lakini swichi hiyo haizuii upungufu wa nusu. Katika nusu hiyo ndipo kompresa yangu ilipofia.

Basi kiyoyozi kikikataa, yapo mambo ambayo baba mwenye nyumba, au binti yake, au kijana wake wa shule, aweza kuyatazama mwenyewe bila ya kifaa chochote. Na akishayatazama ataweza kumweleza fundi kwa maneno yaliyo wazi, asiweze kuambiwa lolote tu.

Tazama kwanza upepo wenyewe. Ikiwa upepo ni baridi lakini ni mchache, gesi haina kosa. Aghalabu ni chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi ya Japani hukaa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Nimepata kulitoa chujio katika gari la jirani yangu likiwa limejaa majani makavu, nywele na manyoya ya kuku, naye alikuwa tayari kulipa gesi! Ikiwa feni hufanya kazi katika kasi ya mwisho tu, na kasi za chini zimekufa, hiyo ni rizista ya feni, kitu kidogo kisicho ghali. Na ikiwa upepo waanza kwa baridi na nguvu, kisha baada ya nusu saa wafifia, na ukizima kiyoyozi kwa muda hurudi, basi huenda koili imeganda barafu na kuziba njia ya hewa.

Ikiwa upepo ni wa nguvu lakini hauna baridi, washa injini, washa kiyoyozi, fungua boneti, nawe usimame mbali na mikanda. Kanzu, buibui, kilemba na mtandio havina kazi mahali hapo. Itazame kompresa. Katika magari mengi mbele yake pana sahani ya klachi ambayo kiyoyozi kikiwashwa hushikwa na sumaku kwa mlio wa "tak", ikaanza kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika, fundi ana mambo ya kuangalia: fyuzi, rilei, waya, na ile swichi ya presha tuliyoitaja. Isishangaze basi kwamba gari moja lahitaji fyuzi ya bei ya andazi, na jingine lenye dalili hiyo hiyo lahitaji kutafutwa tundu. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi imepungua. Baadhi ya magari mapya kompresa yake haina klachi ya namna hii, nayo huzunguka wakati wote; hayo hupimwa kwa geji na kompyuta.

Dalili iliyo mashuhuri zaidi kwetu ni ile ya foleni. Gari likienda kasi laburudisha. Likisimama kungojea feri ya Likoni, hewa yawa kama ya jikoni. Mwenye gari hukimbilia kusema gesi. Lakini gari likienda, upepo wa njiani ndio unaoipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni ya umeme iliyo hapo mbele. Basi itazame feni hiyo kama yazunguka kiyoyozi kinapowashwa. Kisha utazame wavu wa kondensa: vumbi, wadudu, karatasi za nailoni, na kwa sisi tuishio karibu na bahari, chumvi inayoila aluminiamu taratibu. Kuosha kwa maji ya nguvu ndogo, injini ikiwa baridi, huweza kurudisha baridi iliyodhaniwa imekufa. Yale mashine ya maji ya kuoshea malori yasitumike, maana hulaza mapezi yake membamba, na hewa isipite tena.

Hapa hapana budi kuonya juu ya magari ya haibridi, ambayo sasa ni mengi katika miji yetu. Humo kompresa mara nyingi haizungushwi na mkanda bali na umeme wa betri kubwa, ambao katika mengi yake wazidi volti 200, na nyaya zake zimevikwa rangi ya machungwa. Nyaya hizo usiziguse, wala usimruhusu mtu asiyefundishwa kuzigusa. Mafuta ya kompresa zake nayo ni ya namna ya peke yake, yasiyopitisha umeme; fundi akiitia ya kawaida kwa kuwa ndiyo aliyonayo, ameharibu kompresa, na huenda akahatarisha nafsi.

Turudi kwenye tundu. Gesi haionekani, lakini mafuta yanayotoka nayo huacha alama, na ndiyo maana yule kijana alipitisha kidole. Yatazamwe maungio ya mapaipu, mbele ya kompresa, chini ya kondensa, na vile vichwa viwili vya kujazia gesi. Vichwa hivyo vina vali ndogo kama ya gurudumu la baiskeli, na juu yake vifuniko vya plastiki. Vifuniko hivyo hupotezwa na mafundi wasiojali, vumbi likaingia, vali ikaachia. Fundi aliye na vyombo hutia rangi maalumu inayong'aa kwa taa ya urujuani, au huijaza mifumo hewa ya naitrojeni kwa presha na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Akikuambia ataijaribu kwa oksijeni, ondoa gari lako upesi. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta huripuka.

Tundu likishazibwa, gesi haitiwi papo hapo. Kwanza hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu, si chini ya nusu saa, kisha pampu hufungwa na geji ikatazamwa kama mshale watulia. Unyevu ukibaki ndani huganda katika lile tundu jembamba na kukata baridi, na ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayotafuna vyuma. Kichupa cha kukaushia nacho kibadilishwe ikiwa mfumo ulikaa wazi. Halafu gesi hupimwa kwa mizani. Nasema kwa mizani, si kwa kukisia wala kwa kugusa paipu na kusema "tayari, imepoa." Chini ya boneti mna karatasi iliyobandikwa inayotaja aina ya gesi na uzito wake, magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 400 na 600. Muulize fundi ametia gramu ngapi. Kuzidisha si ukarimu: gesi ikizidi, presha hupanda, baridi hupungua, na kompresa hulemewa.

Jina la gesi nalo si jambo dogo. Magari ya zamani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalitumia R-12, ambayo iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni. R-134a iliyoshika mahali pake haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikiachiwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali mwezi wa Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Magari mapya mengi huja na R-1234yf, nayo haichanganywi na nyingine. Basi yule ajazaye kiyoyozi chenye tundu mara nne kwa mwaka, kama nilivyofanya mimi, hakuwa akipoteza fedha zake tu.

Na wapo wauzao kisicho kile kilichoandikwa mtunguni. Wengine hutia gesi ya jamii ya ile ya kupikia, ambayo hupoza vizuri lakini huwaka moto; tundu likiwa kwenye koili ya ndani, watoto wako wameketi pamoja nayo. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yaliripuka na kuua watu baada ya kutiwa R-134a bandia iliyochanganywa na gesi nyingine inayoshambulia aluminiamu. Huu ni ghishi kama ulivyo ghishi wa maziwa na maji, ila huu waweza kuua. Nunua kwa mtu unayemjua, uone mtungi wenyewe, usichague bei ya chini kuliko zote. Usijaribu kujaza mwenyewe kwa kikopo ulichonunua dukani: gesi ikirukia jicho hulichoma kwa baridi. Wala pasivutwe sigara mahali inapovuja, kwa kuwa R-134a ikipita katika moto hugeuka moshi wenye sumu.

Mambo ya kila siku ni mepesi. Washa kiyoyozi dakika kumi kila wiki, hata katika baridi ya kusi, ili mafuta yazunguke na sili zisikauke. Ukiingia katika gari lililokaa juani, fungua madirisha kwanza uliache joto litoke, kisha ufunge na uzungushe hewa ya ndani. Gari lililofungwa juani hupanda joto zaidi ya digrii 10 kwa dakika 20, basi mtoto asiachwe humo hata ukienda kununua mkate tu. Ukikaribia nyumbani zima kiyoyozi uache feni peke yake dakika chache, koili ikauke. Ile harufu ya uvundo ambayo wengi huifukuza kwa manukato ni kuvu iotayo katika unyevu huo.

Nilirudi kwa yule kijana, gari likiwa limefungwa kamba nyuma ya gari la shemeji yangu. Alibadilisha kompresa, akaosha mapaipu yaliyojaa unga wa chuma, akaweka kichupa kipya. Kisha akanionyesha mahali palipokuwa pakivuja tangu siku ya kwanza: pete ya mpira, ndogo kuliko pete ya kidole cha mwisho, ambayo bei yake haikufika bei ya kikombe cha chai na mahamri mawili. Nilimwomba radhi. Akasema, "Ami, wengi hurudi," akaendelea kukusanya spana zake.

Mwisho, bibi mmoja wa Tanga ametuandikia akiuliza kama ni ubaya maji kudondoka chini ya gari kila atumiapo kiyoyozi. Si ubaya, bibi. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji juu ya koili ya baridi, kama jasho la bilauri ya maji ya barafu, na kudondoka kwake chini ya gari ni dalili njema. Ubaya ni maji hayo yakikosekana chini na kuonekana kwenye zulia la miguuni mwa abiria wa mbele. Hapo mpira wa kutolea maji umeziba kwa takataka. Mwambie fundi auzibue kutoka chini kwa pumzi ya taratibu au waya laini, asiusukume kwa nguvu, kwa kuwa koili i karibu sana na ncha ya waya huo.